Makaruni za leo na makaruni za jana

Miaka miwili iliyopita daktari alimwambia mke wangu aachane na ngano maisha yake yote. Ana ugonjwa wa siliaki. Gluteni kidogo tu, ile protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, ikifika tumboni, kinga ya mwili wake inaugeukia utumbo na kuuchubua. Kukosa mkate alikuzoea baada ya miezi michache, na tambi akapata za mchele. Kilichomkaa rohoni ni chai ya Jumamosi. Kwa miaka kumi na tisa tumekaa mezani saa kumi jioni, sisi wawili, birika katikati na kitamu kimoja kilichonunuliwa siku hiyohiyo. Jumamosi ya kwanza baada ya majibu ya hospitali alimenya chungwa huku mimi nikila keki. Sikuimaliza.

Ndipo nikaanza kutafuta makaruni.

Nieleze neno hilo kwanza, maana dukani nimeelekezwa kwenye rafu ya tambi zaidi ya mara moja. Makaroni ni tambi. Makaruni ni vitamu vidogo vya ute wa yai, sukari, na ama lozi iliyosagwa ama nazi iliyokunwa. Majina yanafanana kwa sababu ni ya ukoo mmoja, yote yanatoka kwenye neno la Kiitaliano maccherone, kisha yakaenda kila moja kwa njia yake. Katika makaruni halisi unga wa ngano haumo kabisa, na ndiyo sababu Wayahudi wengi huzila wakati wa Pasaka yao, siku ambazo nafaka iliyochachuka haiingii nyumbani. Kwa mtu kama mke wangu ni kitamu ambacho hakikutolewa kitu wala kubadilishwa kitu ili kimfae. Kimezaliwa hivyo.

Nimezunguka mji kwa miezi minne, karibu kila Jumamosi asubuhi, na daftari mfukoni. Maduka tisa. Ninayoweza kumpeleka mtu ni mawili, na moja kati ya hayo nusura nilikose kwa sababu nilikuwa nauliza swali lisilofaa.

Supamaketi nazipitia haraka. Makaruni za nazi za pakiti zipo katika maduka mawili makubwa, na katika yote mawili unga wa ngano umeandikwa kwenye orodha ya viungo, sehemu moja ukiwa wa tatu baada ya sukari na nazi. Hapo hapakuwa na la kujadili.

Mkahawa wa hoteli ulinivutia kwa macho. Zilikuwa za lozi, za rangi, waridi na kijani na zambarau, zimepangwa kama vifungo vya nguo chini ya taa kali ndani ya kabati la kioo. Kijana wa kaunta akaniambia ni za asubuhi ile. Nilipouma ya kwanza, ganda lilivunjika vipande vikavu kama ganda la yai, na ndani palikuwa na uwazi, hewa tupu kati ya paa na krimu. Nilimwamini kabisa kwamba ni za asubuhi ile, na sikuelewa kwa nini kitu kipya namna hiyo kinakuwa kibaya namna hiyo. Niliandika daftarini: «mpya, lakini mbovu», na sentensi hiyo ilinikera wiki nzima.

Duka la mikate lililo karibu na stesheni linauza za nazi, kubwa kama nusu ya chungwa, zenye ncha zilizoiva hadi rangi ya kahawia. Harufu yake inakufuata hadi barabarani. Nikauliza kama zina unga. Dada aliyekuwa akihudumia akaniambia, kwa ukarimu wa kweli, «Vijiko viwili tu, ili zishikane.» Kwa wateja wengine vijiko viwili si kitu. Kiwango cha kimataifa cha chakula kinachoruhusiwa kuitwa kisicho na gluteni ni miligramu 20 kwa kilo moja. Vijiko viwili kwenye trei moja vinavuka kiwango hicho mara nyingi mno. Nilimshukuru kwa kuniambia ukweli, na nilimaanisha, kwa kuwa duka lililofuata walinihakikishia kwamba hakuna hata chembe, mke wangu akala moja na nusu, akalala siku nne. Baadaye nilirudi nikaona kwa macho yangu: wanakanda unga wa mikate kwenye meza ileile wanayopangia makaruni, na vumbi la unga hukaa hewani kwa muda mrefu kabla ya kutua. Pengine ndani ya mchanganyiko kweli hawakutia unga. Uliingia wenyewe.

Tangu siku hiyo siulizi tena «je, ina unga?» Nauliza mikate inaokwa wapi, na chekecheo ni moja au mawili. Mtu anayejua kazi yake hujibu mara moja bila kukunja uso.

Sasa duka la kwanza kati ya mawili yangu. Ni chumba kimoja chenye dirisha linalotazama barabara, na mama mmoja wa makamo anayeoka pamoja na binti yake. Ngano haiingii mle kwa sababu hawaihitaji: wanaoka vitu vya nazi, vya njugu na vya ute wa yai tu. Makaruni za nazi zinatoka tanurini mara mbili kwa siku, saa tatu asubuhi na saa tano. Ukifika saa tano na robo, trei bado ina joto na binti atakuambia usubiri kidogo, kwa kuwa ikiwa ya moto bado ni laini na inabomoka mkononi. Baada ya dakika ishirini hivi sukari ya juu inakauka na kushika. Hapo ndipo panapohusika. Ukiuma, kwanza unakutana na ukoko mwembamba unaochakacha, nyuzi za nazi zilizochomoza zikiwa zimekauka moja moja, kisha meno yanazama kwenye kiini chenye unyevu kinachotafunika taratibu, na mwisho unafika chini, ambapo sukari imeyeyuka na kuwa kikanzu chembamba cha karameli. Chumvi imo, kiasi cha kukufanya utake ya pili.

Nilimuuliza mama siri ni nini. Akanionyesha nazi yenyewe. Huagiza nazi kavu kidogo kidogo na kuihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, mbali na tanuri, na kila asubuhi anaionja kabla ya kuitumia. «Nazi iliyochoka ina ladha ya sabuni,» alisema. Nilishangaa, maana hilo ndilo neno nililoandika daftarini kuhusu duka la tano, mtaa wa pili kutoka kwake: «sabuni». Nilidhani hawakusuuza trei vizuri. Kumbe karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, nayo ni miongoni mwa asidi zinazotengenezea sabuni. Nazi ikikaa muda mrefu penye unyevu, mafuta yake huanza kuvunjika, asidi hiyo inaachiliwa, na ulimi unaitambua papo hapo. Sukari haiwezi kuifunika, hata iwe nyingi kiasi gani. Kwa hiyo makaruni inaweza kuwa imeokwa leo kwa nazi iliyokufa mwezi uliopita.

Makaruni hii ya nazi haina kesho nzuri. Sukari huvuta maji, kutoka ndani ya makaruni na kutoka hewani, na ukifika usiku ule ukoko unakuwa umelainika. Asubuhi ya pili ni tamu bado, ila ni kitu kingine, kitu cha ulaini mmoja kuanzia nje hadi ndani. Nimejaribu kuirudisha tanurini kwa dakika tano, na ukoko ulirudi kwa nusu saa hivi. Kwa nusu saa hiyo inafaa. Lakini ushauri wangu ni ununue zile mtakazomaliza siku hiyo, na ukubali kwamba mvua ikinyesha hata saa zenyewe zinapungua.

Mama mwenyewe anajua hilo. Zikibaki jioni anazipunguzia bei na kuwaambia watu wazi kwamba ni za asubuhi. Ndipo nilipojifunza swali langu: «Hizi ni za leo?» Nilitembea nalo mji mzima, nikiliamini.

Lilinikwamisha kwenye duka la pili.

Duka hili liko ghorofani, ngazi nyembamba juu ya fundi wa saa, na ukiwa barabarani huwezi kujua lipo isipokuwa kwa kibao kidogo. Dada anayeliendesha anaoka za lozi tu. Nilipanda, nikaziangalia, nikauliza kama ni za leo. Akasema, «Hapana, kaka. Hizi ni za jana. Za leo siuzi.» Nikamshukuru, nikashuka. Nilikuwa nimeshafika barabarani ndipo maneno yale yakanirudia sawasawa. Hakusema amekosa za leo. Alisema haziuzi. Nikapanda tena.

Alinieleza huku akijaza krimu. Makaruni ya lozi yenye maganda mawili, ile ambayo Wafaransa huiita macaron, ikitoka tanurini haijaisha kupikwa. Ganda ni kavu na gumu kiasi, na krimu ya katikati ni nyevu. Ukiifunga ndani ya kisanduku na kuiweka kwenye friji kwa saa 24 hivi, maji kidogo yanasafiri kutoka kwenye krimu kuingia kwenye ganda kwa upande wa ndani. Upande wa nje unabaki na ngozi yake nyembamba, na ndani panakuwa laini, panashikana na krimu. Akanipa mbili, moja aliyoijaza dakika ile ile na moja ya jana, zote za chokoleti, kutoka kwenye mchanganyiko uliofanana. Ya leo ilikuwa ganda kavu na krimu, vitu viwili vinavyogombana mdomoni. Ya jana ilikuwa kitu kimoja. Ngozi ilivunjika bila kelele, na kila kilichofuata kiliyeyuka pamoja.

Nilikaa kwenye kiti chake cha pekee nikafungua daftari na kusoma tena ile sentensi ya hoteli. Mpya, lakini mbovu. Sasa nilikuwa na jibu, au nusu yake. Walikuwa wameijaza na kuiuza asubuhi ileile, kisha taa ya kabati ikamalizia kuikausha. Ule uwazi chini ya paa ni kosa jingine, la tanuri au la mkono: ute umepigwa kupita kiasi, au ganda limetolewa kabla halijaiva ndani, likaporomoka. Krimu haina namna ya kulijaza pengo hilo.

Mahali kama pale mtu unatamani kujua kila kitu, na dada huyu anapenda kuulizwa. Anapiga ute na sukari mpaka usimame, anachekecha unga wa lozi na sukari ya unga mara mbili, halafu anakunja pamoja kwa mwiko mpana. Hatua hii ndiyo inayoamua mambo. Ukikunja kidogo, maganda yanabaki na vinundu. Ukizidisha, yanatandawaa kama chapati za maji. Anaacha pale mchanganyiko unapoteremka kutoka kwenye mwiko kama utepe. Anaumwagia kwenye trei kwa mfuko, duara za sentimita tatu na nusu hivi, na kuziacha wazi kwa nusu saa zifanye ngozi. Tanurini mvuke hauwezi kupenya juu kwa sababu ya ngozi ile, kwa hiyo unatokea chini na kuinua ganda zima. Ndivyo linavyopatikana lile pindo lenye mikunjo linalozunguka ukingo, ambalo Wafaransa huliita mguu. Pindo likiwa sawa pande zote, mwokaji alikuwa na subira. Likichomoza upande mmoja, tanuri lina mahali pa moto kuliko pengine.

Ila nisiwafanye wasomaji waamini kwamba kila makaruni ya lozi inasubiri kesho. Ile ya kale haina krimu. Mjini Nancy, Ufaransa, watawa wawili walikosa makao mwaka 1792 pale mapinduzi yalipovunja mashirika ya kitawa, wakajikimu kwa kuoka makaruni za lozi na kuziuza. Mtaa walikofanyia kazi leo unaitwa kwa jina lao, Masista wa Makaruni. Hizo ni bapa, zimepasukapasuka juu, hazina rangi wala kijazio. Kuunganisha maganda mawili kwa krimu ni jambo la karne ya 20 huko Paris. Nyumba ya Ladurée, duka la vitamu la huko lililoanza 1862, husema ni kazi ya Pierre Desfontaines, mtu wa ukoo wao. Dada wa ghorofani huoka zile za kale pia, kila Jumamosi, kwenye karatasi, na hizo anaziuza siku hiyohiyo zikiwa na uvuguvugu. Hazijulikani sana na wateja kwa sababu hazipendezi kwenye picha. Mimi naziweka juu ya zote. Lozi unaionja mwanzo hadi mwisho, na karibu na katikati kuna utafunaji mzito kidogo, kama wa asali iliyoganda.

Ladha za zile za krimu nimezionja saba. Chokoleti nyeusi na karameli ya chumvi ndizo bora, na zinadumu: ya chokoleti niliila siku ya nne kutoka friji na ilikuwa imara. Ya ndimu ni kali inavyotakiwa, lakini usiivushe siku ya pili nyumbani, krimu yake ina maji mengi na ganda linaanza kuloa. Ya rasiberi vivyo hivyo. Kuna ya waridi, lichi na rasiberi, muungano ambao Pierre Hermé, mpishi wa vitamu wa Paris, aliufanya ujulikane kwa jina la Ispahan. Ya hapa imezidi waridi. Nilimwambia, akasema wateja wake wengi wanaipenda hivyo, na sikubaliani nao. Ya kahawa ilikuwa ya kawaida. Ya pistashio ina kijani hafifu kinachoelekea udongo, na hiyo ni dalili njema, maana pistashio iliyosagwa haina kijani cha majani mabichi.

Kuhusu rangi nina neno. Rangi haina ladha, na duka linalojivunia rangi kumi na mbili huku krimu zote zikiwa ni siagi, sukari na matone ya harufu, limenipotezea asubuhi mbili. Funga macho uonje. Kama huwezi kujua ni ipi, basi umenunua rangi.

Nilimuuliza pia kuhusu kugandisha, kwa kuwa nilisikia maduka mengi hufanya hivyo na nilidhani ni udanganyifu. Yeye hugandisha kabla ya sikukuu na halifichi. Makaruni ya krimu huvumilia baridi kali vizuri kwa sababu ya sukari na mafuta yake, mradi iyeyuke polepole kwenye friji ikiwa bado ndani ya kisanduku kilichofungwa. Ukiitoa moja kwa moja mezani, umande unaigandamia na ngozi inaharibika. Nilimwomba moja iliyogandishwa na moja ambayo haikugandishwa, bila kuniambia ipi ni ipi. Nilikosea.

Kwa mke wangu jambo kubwa ni chumba. Dada hana ngano mle ghorofani, wala hanunui unga wa lozi uliosagwa kwenye kinu kinachosaga nafaka. Alinionyesha gunia na maandishi yake kabla sijamaliza kuuliza. Huunusa kila anapofungua, maana lozi ina mafuta karibu nusu ya uzito wake, na mafuta hayo yakikaa wazi yanachacha. Lozi iliyochacha inanuka kama rangi ya mafuta ya kupakia mbao.

Kasoro zipo. Duka la ghorofani halifunguliwi kabla ya saa nne, na Jumatatu na Jumanne limefungwa kabisa. Ngazi ni mbaya kwa mtu mwenye magoti mabovu. Visanduku vyake ni vizuri kwa macho lakini makaruni zinacheza ndani, mbili zilivunjika njiani nikiwa nimepakata kisanduku mapajani. Na mtu akitaka kuzila moja kwa moja kutoka kwenye friji, mwambie asubiri nusu saa ubaridi upungue, la sivyo siagi inakuwa kama nta na hakuna ladha inayotoka. Kwa mama wa nazi kasoro ni moja, nayo ni foleni. Ukifika saa sita mchana utakuta karatasi yenye chembe za nazi na binti akifuta kaunta.

Kwa hiyo Jumamosi sasa naenda hivi. Saa nne napanda ngazi kuchukua nne za lozi zenye krimu, za jana, na mbili zile bapa za karatasi. Kisha nateremka hadi kwa mama nisubiri trei ya saa tano, nachukua nne za nazi na kuzibeba kwenye mfuko wa karatasi ulioachwa wazi, maana mfuko ukifungwa mvuke unalainisha ukoko kabla sijafika nyumbani. Kisanduku cha krimu naingiza kwenye friji. Saa tisa na nusu nakitoa. Za nazi zinakaa kwenye sahani bila kufunikwa.

Wiki iliyopita mke wangu alianza na ya nazi, akaitafuta ile sehemu ya chini yenye karameli na kuiacha iwe ya mwisho. Kisha akaiangalia ile bapa iliyopasuka na kuniuliza kwa nini nimeleta iliyovunjika. Nikamwambia aionje. Alikula yake, akavuta sahani, akala na yangu.